Wasifu wa Walimu Walio Hai

Mkuu wa chuo alirudi kutoka semina ya Nairobi akiwa na mkoba mpya, kikohozi kipya na neno jipya. Mkoba ulikuwa wa bure, kikohozi kilipona, lakini lile neno lilitukalia kichwani muhula mzima. Alituita walimu wote ukumbini, akasimama mbele ya dirisha linalotazama mashamba ya chai, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kila mwalimu wa chuo atatengeneza jalada la ufundishaji.

Jalada lenyewe, alieleza, ni faili. Ndani yake utaweka mipango yako ya masomo, mitihani uliyotunga, kazi za wanafunzi na maoni ya mwenzako aliyekaa nyuma ya darasa lako akakutazama. Mwanzo kabisa utaweka maelezo yako mwenyewe: wewe ni mwalimu wa namna gani, na kwa nini unafundisha unavyofundisha. Mwisho wa muhula mkaguzi atakuja kuyapima majalada yote.

"Mwalimu mzuri ataonekana kwa faili yake," alisema.

"Na mbaya ataonekana kwa kabati?" mwalimu wa Hisabati akaninong'oneza.

Waliokuwa karibu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na cha kupoteza. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na nilikuwa nimetolewa shule ya msingi kuja kufundisha Kiswahili katika chuo hiki cha walimu kwa majaribio. Wenzangu wote walikuwa wamethibitishwa kazini zamani. Mkuu alikuwa ameshaniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwamba darasa langu lina kelele. Alisema kuna mtu amelalamika, tena si mara moja. Jalada langu likipita, nitathibitishwa. Likianguka, kulikuwa na shule ya msingi iliyohitaji mwalimu, huko chini karibu na Fort Ternan.

Sina ubaya na Fort Ternan. Kuna watu wema huko, kuna reli, kuna miwa. Lakini mimi ni mtu wa baridi, nyumbani kwetu ni upande wa Merigi, na wakati huo nilikuwa na mtoto anayenyonya, mume aliyeamini kwamba uji hujipika, na ng'ombe watatu ambao hawakukubali kukamuliwa na mwingine. Kutoka chuoni niliweza kufika nyumbani kila jioni. Kutoka Fort Ternan ningefika mwisho wa muhula, nimekonda kwa malaria, na mtoto angeniita shangazi. Nililala nikiwaza hayo, nikaamka nikiwaza hayo.

Kazi ya kutengeneza faili ilianza kwa furaha. Mipango ya masomo tulikuwa nayo, mitihani tulikuwa nayo, na kazi za wanafunzi zilikuwa zimejaa hata tukawa tunafungia sukari. Shida ilikuwa yale maelezo ya mwanzo. Walimu waliosoma, watu wazima wenye vyeti ukutani, walikaa mbele ya karatasi nyeupe wakatoka jasho. Mwalimu wa Dini, mtu aliyeweza kuomba nusu saa bila kumeza mate, aliandika jina lake na hapo akakwama.

Sababu yake ilikuwa wazi. Huku kwetu mtu hajisifu. Ukimsikia mtu anasimama mbele za watu kueleza uzuri wake, kwanza unatafuta chupa ilipo. Wanaosifiwa hadharani ni wawili tu, marehemu na ng'ombe anayeuzwa, na hata hao husifiwa na mtu mwingine.

Hapo ndipo mwalimu wa Hisabati aliponikumbuka. Mimi nilikuwa mwandishi wa matanga. Tangu nianze kufundisha Kiswahili, msiba ukitokea popote kuanzia kwetu hadi sokoni Merigi, watu walikuwa wakifika na kalamu na daftari, na kuku wa asante, niwaandikie wasifu wa marehemu wa kusomwa siku ya mazishi. Nilikuwa nimewazika kwa maneno mazuri wazee wa kanisa, wenyeviti wa vituo vya majani chai, na bibi mmoja mkali ambaye hata watoto wake walishtuka kusikia alikuwa mpole. Kwa hiyo mwalimu wa Hisabati alivuta kiti, akakaa karibu nami chumba cha walimu.

"Madam, si uniandikie hiyo kitu? Wewe unajua kusema vizuri juu ya watu."

"Lakini wewe hujakufa," nikamwambia.

"Si unaandika tu kama nimekaribia?"

Nikamwandikia. Akamwambia wa Dini, wa Dini akamwambia wa Historia, na kabla ya wiki kuisha nilikuwa nawaandikia walimu wote. Nikitazama nyuma naona jambo lilivyotokea, ingawa wakati ule halikunigusa hata kidogo. Nilijua kumsifu mtu kwa njia moja tu, na njia hiyo ina mpangilio wake. Mtu huzaliwa, akabatizwa, akasoma kwa taabu, akaoa, akajaliwa watoto, akaanza kazi, akapendwa na wote, akaugua, akavumilia. Niliwaandikia wenzangu hivyo hivyo. Kazi za kufundisha niliziingiza palipokuwa na nafasi, kati ya ndoa na ugonjwa.

Nao waliona sawa kabisa. Walisoma wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mwalimu wa Hisabati alinirudishia yake mara moja tu, akisema nimesahau vidonda vyake vya tumbo, na hivyo vidonda vilimtesa sana. Nikaviongeza.

Mpiga chapa wa chuo ndiye aliyekamilisha mambo. Huyu alikuwa na stensili moja yenye mapambo, maua yamezunguka pembeni, na katikati nafasi ya picha. Alikuwa ameitumia miaka yote kuchapa programu za mazishi kwa ile mashine ya kuzungusha kwa mkono. Tulipomwomba atutengenezee majalada yapendeze, alitupatia kizuri alichokuwa nacho. Tukabandika picha zetu katikati ya maua, nyuso zimekazwa, na tukaona tumependeza.

Mtu mmoja tu hakutaka nimwandikie chochote, naye ni Mzee wa Kilimo. Ndivyo tulivyomwita wote, kwa sababu ya umri wake na somo lake. Alikuwa amenifundisha mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi katika chuo hicho hicho, na sasa alikuwa amebakiza kidogo kustaafu. Faili yake ilikuwa na karatasi moja. Juu yake alikuwa ameandika: "Mimi nafundisha kilimo. Shamba iko nyuma ya choo. Nendeni muone."

Ni lazima niseme jambo lingine juu ya Mzee huyu, ambalo kila mtu chuoni alilijua na hakuna aliyelitaja. Alikuwa analala. Baada ya chakula cha mchana, kabla mvua haijaanza, alichukua kiti chake cha kukunja, akakiegemeza kwenye ukuta wa darasa lolote lililokuwa linapigwa na jua, akashusha kofia. Ukimuuliza mkuu, Mzee alikuwa akikagua bustani. Madarasa yetu yalikuwa ya mbao, mbao zenyewe zimeachana, kwa hiyo wa ndani na wa nje walisikiana kama walio chumba kimoja. Siku moja aliniudhi sana. Nilikuwa nimewapa wanafunzi kisa cha ng'ombe wa mjane aliyevuka ua akazalia kwa jirani, na jirani akamlisha pamoja na ndama mpaka ndama akanenepa. Nikawauliza, ndama ni wa nani? Darasa liligawanyika mara mbili, kila upande unatetea wake, ndipo kichwa cha Mzee kikatokea dirishani na kofia yake.

"Ndama ni ya mjane," akasema. "Huyo jirani apewe maziwa kidogo, hiyo kesi iishe."

"Mzee, samahani," nikamwambia, "tuko darasani."

Nilisema kwa heshima, lakini heshima iliyochemka. Akaondoka akinung'unika na kiti chake kwapani. Jioni hiyo nilimlalamikia mume wangu mpaka maziwa yakamwagika jikoni.

Basi walimu wote wakawa na majalada kamili, isipokuwa mimi. Maelezo ya watu wote yalitoka mkononi mwangu, yangu mwenyewe hayakutoka. Kila nilipoandika "Mimi ni mwalimu" nilihisi mama mkwe ananitazama mgongoni. Nilimuuliza mume wangu aniambie mimi ni mwalimu wa namna gani. Akafikiri, akasema mimi ni mwalimu anayechelewa kurudi. Nikawaendea wenzangu, maana kila mmoja alikuwa ameahidi kunirudishia mkono. Mwalimu wa Hisabati ndiye pekee aliyetimiza ahadi. Aliniletea karatasi ndogo iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: "Ni mama mkarimu. Anapika chai nzuri. Hana shida na mtu."

Hana shida na mtu. Nilikuwa na shida na watu wengi sana, na kuanzia dakika hiyo yeye akawa wa kwanza. Niliichana ile karatasi mbele yake. Siku ya ukaguzi ilinikuta na faili nzuri, nene, yenye maua na picha yangu, na ukurasa wa kwanza mtupu.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, aliyevaa koti zito kwa sababu alikuwa ameambiwa juu ya baridi yetu. Tulikaa ukumbini, majalada yamepangwa mezani mbele yake. Akasema hapendi kupima watu kwa siri, kwa hivyo atasoma maelezo ya kila mmoja kwa sauti, tujifunze kutoka kwa wenzetu. Akachukua la juu, la mwalimu wa Hisabati, akalitazama lile jalada la maua kwa muda, kisha akafungua.

"Mwalimu alizaliwa katika familia ya watoto tisa," akasoma, "na alipokea ubatizo akiwa bado mchanga."

Nilisikia viti vikilia. Nilipotazama, walimu wote walikuwa wameinamisha vichwa na kufumbata mikono mapajani. Haikuwa dhihaka. Masikio yalisikia maneno yale na shingo zikajua la kufanya. Mwalimu wa Historia alivua kofia. Mkaguzi akaendelea kusoma, sauti yake ikipungua kadiri alivyosonga, mpaka akafika kwenye vidonda vya tumbo vilivyomtesa kwa muda mrefu na jinsi alivyovivumilia bila kunung'unika. Hapo akalishusha jalada. Akavua miwani.

"Poleni," akasema polepole. "Huyu mwalimu... alituacha lini?"

"Niko hapa, madam," akasema mwalimu wa Hisabati, akasimama.

"Amina," akasema wa Dini, ambaye alikuwa amefumba macho na hakufuatilia vizuri.

Mkaguzi akafungua jalada la pili, akasoma mistari michache kimya. La tatu. La nne. Wote walizaliwa, wote walibatizwa, wote walivumilia. Wa Dini alikuwa na mgongo, wa Historia alikuwa na pumu. Mkuu wa chuo alikuwa anatazama nje kwenye chai.

"Ni nani ameandika hizi?" akauliza mkaguzi.

Hakuna aliyenitaja. Walinigeukia tu wote kwa pamoja.

Nilisimama. Akatafuta jalada langu, akafungua ukurasa wa kwanza. Akaugeuza akatazama nyuma yake, kama kuna kitu kimejificha huko.

"Umeandikia chuo kizima, na yako haiko?"

"Madam, huku kwetu mtu hajiandikii," nikasema.

Alinitazama, na naweza kusema kwa haki kwamba hakuwa na hasira. Alionekana kunihurumia, na hilo liliniuma zaidi. "Lakini mwalimu, mimi nimetumwa kupima. Nisipokuwa na neno lako, nitapima nini? Hapa kuna ripoti ya mkuu inayosema darasa lako lina kelele. Hiyo peke yake ndiyo ninayoona."

Wakati huo mvua yetu ya kila alasiri ikaanza, tena ile yenye mawe, ikapiga mabati hata mtu asimsikie jirani yake. Tukakaa tunatazamana. Nilikuwa nimesimama bado, kwa sababu hakuna aliyeniambia nikae. Nilimwona mtoto wangu, nikaona miwa, nikaona ng'ombe wangu wa kwanza akimpiga mume wangu teke. Niliogopa, na pia nilikasirika, nao walimu niliowaandikia maisha yao mazuri walikuwa wanatazama viatu vyao.

Mvua ilipopungua, Mzee wa Kilimo akasimama kule nyuma. Akavua kofia, akasogea mbele taratibu, akasimama pembeni ya meza vile watu wanavyosimama kando ya jeneza wakati msemaji anauliza kama kuna rafiki wa marehemu mwenye neno.

"Mimi niko na neno fupi," akasema. "Madam mkaguzi, mimi ni mtu ya kulala."

Mkuu wa chuo akakohoa. Mzee akamwonyesha kiganja, ngoja.

"Hii si siri. Saa ya jua mimi huweka kiti kwa ukuta nalala kidogo. Nimelala kwa ukuta ya kila mwalimu hapa. Kwa ukuta ya Hisabati," akamgeukia mwenyewe, "kijana, wacha nikushukuru. Hapo usingizi ni mzuri, kama mtoto ameshiba maziwa ya mursik. Kwa ukuta ya Dini nimelala nikaota niko mbinguni, na huko pia ilikuwa kimya. Kwa ukuta ya Historia siku moja nililala mpaka mvua ikanyesha juu yangu. Na mwalimu ya Kiswahili ya zamani, kabla ya hii mama, Mungu ambariki, huyo nililala kwake miaka."

Akanyoosha kidole kwangu. Sikujua nijifiche wapi.

"Halafu wakaleta huyu. Huyu nilimfundisha mimi, na hata wakati huo alikuwa hasikii. Tangu akuje, kwa hiyo ukuta mimi sijalala hata siku moja. Nafunga macho, nasikia anauliza wanafunzi kitu. Hasemi jibu. Anawaacha wanagombana. Sasa mimi nitalala namna gani na sijui jibu? Siku ya ndama ya mjane nilitoa jibu yangu kwa dirisha, akanifukuza. Nikaenda nyumbani, nikauliza mke wangu, tukakosana juu ya hiyo ndama mpaka chakula ikapoa. Kesho yake nilirudi kwa ukuta nisikie mwisho. Hakusema mwisho. Alianza ingine."

Mkaguzi alikuwa ameweka kalamu chini.

"Sasa, hiyo maneno ya kelele," akasema Mzee. "Principal, wewe unajua ni nani alikuja kwako kushtaki. Ni mimi. Nilikuja mara nyingi. Nilisema hii darasa iko na kelele, kwa sababu ningesema aje? Ati hii darasa inaninyima usingizi? Madam mkaguzi, kama unataka kujua mwalimu, uliza mtu anajaribu kulala hapo karibu. Ni hayo tu."

Akavaa kofia, akarudi kukaa. Kwa mazoea, watu kadhaa wakasema amina.

Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumpiga na faili. Muhula mzima nilikuwa nimemtafuta moyoni mtu aliyenishtaki, nikiwashuku wote kwa zamu, na kumbe ni yule yule mwenye kiti cha kukunja. Mkaguzi alicheka kwanza kwa kujizuia, kisha akashindwa, akacheka mpaka miwani ikapata ukungu. Alipotulia akanipa kalamu yake.

"Andika," akaniambia. "Maneno yake, vile alivyosema. Weka ukurasa wa kwanza."

Hivyo ndivyo jalada langu lilivyokamilika. Nilikaa pale mbele ya watu wote nikaandika sifa zangu kwa mkono wangu, Mzee akinitamkia upya kutoka kiti chake na kunikataza kutengeneza sentensi zake. Alinilazimisha kuandika hata pale pa kutosikia. Wenzangu waliambiwa waandike upya, safari hii bila ubatizo. Barua ya kuthibitishwa kwangu ilifika muhula uliofuata, na siku hiyo nilifika nyumbani mapema, nikakamua ng'ombe wote watatu huku nikilia, nao wakasimama kimya kabisa, jambo ambalo si kawaida yao.

Ungedhani baada ya hapo nilitulia. Lakini muhula huo huo, siku moja ya jua, nilikuwa nafundisha kuandika barua rasmi. Anwani huandikwa upande huu, tarehe chini yake, mada hupigwa mstari. Nilikuwa naandika ubaoni, na darasa lilikuwa limetulia vizuri, kila mtu ameinama kwenye daftari lake, utulivu ambao mkuu wa chuo angeupenda. Ndipo nikasikia, kupitia kwenye mbao, mtu anakoroma.

Wanafunzi wakainua vichwa. Nadhani walikuwa wamesikia habari za ukumbini, maana hakuna aliyecheka, walinitazama tu waone nitafanya nini. Nilisimama na chaki mkononi nikisikiliza. Ulikuwa usingizi mzito, wa mtu aliyeshiba.

Nikachukua kifutio, nikafuta ubao wote, na kuanza somo upya.